Anaweza, Lakini

Jumanne, saa mbili asubuhi, Naryn.
Jiko la makaa linakohoa kuliko wanafunzi.
Theluji imepanda hadi kizingiti cha dirisha
na wino wa kalamu yangu nyekundu umeganda;
naupumulia, taratibu,
kama mtu anayeamsha mtoto wa mwenziwe.

Leo ni kitenzi kimoja cha Kiingereza,
kifupi, herufi tatu, ukikitamka haraka kinapotea
katikati ya mimi na kuogelea.
Kina nyuso mbili.
Kwa uso mmoja chajigamba: nguvu ninazo.
Kwa uso wa pili chabisha hodi.
Sisi kwa Kikirgizi tumezitenga nyuso hizo,
kila mmoja na mlango wake.
Waingereza wamezilaza kitanda kimoja.

Haya, simameni, zungukeni, ulizaneni.
Nani anaweza kukamua farasi?
Mikono kumi na mmoja.
Nani anaweza kupiga mluzi kwa vidole?
Meerim anapiga. Mlinzi anakuja mbio kutoka uani,
buti moja mguuni, moja mkononi.
Nani anaweza kuogelea?
Kimya.
Mto wetu haufundishi mtu. Unapita tu, una haraka zake.
Nani anaweza kutaja alfabeti kinyumenyume?
Ulanbek anajitosa, anakwama kwenye T,
anacheka peke yake,
kisha sote.

Sasa adabu. Mmoja mama, mmoja mtoto.
Naweza kufungua dirisha? La, utatuua.
Naweza kuazima kalamu yako? Chukua, nayo imeganda.
Gulzat ana miaka kumi na miwili na amekuwa mama kabisa,
mkono kiunoni, kidevu juu:
Huendi popote, na hicho Kiingereza chako hakiendi popote.
Nasahihisha kitenzi.
Mkono ule kiunoni siugusi.

Zoezi la mwisho nimelinakili kitabuni: mpakani.
Kadi mbili. Askari, msafiri.
Kitabu kina picha ya bwana mwenye sanduku jekundu
na meno yote thelathini na mawili,
anakwenda ufukweni.
Askari ni Ulanbek, ameazima kofia ya mlinzi,
inamfunika nyusi.
Msafiri ni Nurzat.

Nurzat anaigeuza kadi yake kifudifudi.
Anauliza, kila neno mahali pake,
hata kiimbo kinapanda pale nilipokichora mshale ubaoni:
Baba yangu anaweza kurudi nyumbani?

Ulanbek anatazama kadi.
Kadi inajua majibu mawili:
Ndiyo, karibu.
Hapana, pasipoti yako imekwisha muda.
Darasa zima linajua baba yuko Yekaterinburg,
anapiga plasta kuta za watu,
msimu wa baridi wa tatu huu;
pasipoti yake nzima, mpya, haina doa,
na mshahara unaahidiwa kila Ijumaa.

Ulanbek anavua kofia.
Nywele zimemsimama. Anatafuta dari nzima.
Anaweza, anasema.
Halafu:
Lakini hawezi.

Mtu wa nyuma anaguna, anadhani ni kosa.
Nami mkono wangu ulishaanza safari
na wino, sasa, umeyeyuka.
Kitenzi kile kile mara mbili, sentensi inajipiga yenyewe;
mkaguzi wa wilaya angeichora mstari.
Ni sahihi.
Miaka kumi na tisa nalifundisha somo hili
kwa nyimbo, kwa michoro, kwa vibaraka vya soksi,
na sijapata kulieleza hivyo.

Asante, bwana askari, anasema Nurzat.
Anainua sanduku ambalo halipo,
analibadilisha mkono kwa uzito wake,
anafika mbele ya meza yangu, anasimama.
Naweza kukaa?

Nasema ndiyo.
Nasahau kumwambia ajibu kwa sentensi kamili,
nasahau kwamba mjibuji ni mimi.