Gigabaiti Arobaini

Inaenea kiganjani kama kipande cha sabuni
kilichokwisha kuogewa wiki mbili.
Mgongo wake bati, limejaa mikwaruzo
ya funguo za masanduku ya barua ya Karihaara yote.

Mimi Aune, mpeleka barua, mwaka wa kumi na tisa njiani,
naibeba ndani ya koti, chini ya sweta,
si kwa mapenzi: betri haiwezi baridi.
Nyuzi zikishuka ishirini chini ya sifuri
hunizimikia katikati ya ubeti,
nami huitia kwapani kama kifaranga
mpaka ipate joto, inisamehe.

Ndani mna kisahani. Sijapata kukiona,
nakijua kwa mtetemo.
Nikibonyeza, kwanza kimya,
halafu kitu kinaamka, kinazunguka,
kama mtu anayemeza mate kabla ya kusema neno zito.
Sekunde mbili. Tatu kikichoka.
Ndipo wimbo.

Aliyeijaza ni kaka yangu, Urho,
kiangazi kile kiwanda cha karatasi kilipomrudisha nyumbani.
Usiku haukuingia giza, naye hakulala;
aliilisha kompyuta santuri moja baada ya nyingine
kama anayetia kuni kwenye jiko la sauna.
Nyimbo elfu saba mia mbili na sita.
Majina aliyachapa kwa vidole viwili, mbiombio:
"Tango ya Mvau", "Msanii Hajulkani",
na mmoja umeandikwa tu
"hii nzuri Aune".

Sikumwambia kwamba husikiliza kumi na moja.

Kisha mama akafa, ikabaki nyumba ya ziwani,
vyumba viwili na gati bovu,
tukaigombania kama ikulu.
Miaka sita sasa.
Lakini kila alfajiri, kwenye ngazi za watu,
mikono imejaa bili na matangazo ya matairi,
namsikia akikosea tahajia sikioni mwangu.

Februari, Jumanne, mbele ya nyumba ya mzee Kauppila:
tak.
Tak, tak.
Kama kucha inayogonga kikombe.
Kwenye kioo pametokea uso mdogo wenye huzuni,
ndiyo, mafundi waliuchora uso huo,
walijua siku itafika.

Kijana wa dukani, Eetu, akaitikisa sikioni, akaguna.
"Imekufa, mama. Siku hizi muziki uko mawinguni."
Nikachungulia dirishani.
Mawingu ya Kemi nayajua.
Tangu Oktoba hayajaniangushia kitu ila theluji.

Jioni nilivua viatu, nikakaa navyo mapajani.
Viazi vikachemka hadi maji yakakauka.
Kisha nikaitafuta namba yake kwa binamu,
ambaye, Mungu ambariki, hakuuliza kitu.

Ikaita. Ikapokelewa.
Kimya.
Sekunde mbili.
Tatu.

Nikasema yote kwa pumzi moja:
ile mashine, inagonga, haizunguki,
zile nyimbo, sina nakala.
Nyumba sikuitaja. Wala yeye.

"Inagonga vipi?"
Nikaiweka karibu na simu. Tak, tak.
Nikamsikia akivuta kiti.
"Umejaribu kuitia kwenye friza?"
"Friza?"
"Ifunge kwenye mfuko mbili, itoe hewa. Usiku mzima.
Chuma kitajikunja kidogo, huenda kikaachia.
Utakuwa na dakika ishirini, Aune, labda thelathini.
Andaa kompyuta kabla. Anza na unazozipenda."

Miaka yote hiyo nimeikinga na baridi.

Sasa ni saa nane usiku. Imelala
kati ya beri za msituni na samaki aina ya siika
mwenye tarehe ya mwaka juzi.
Nimefungua mlango wa friza mara mbili, kama mjinga,
kuangalia tu.
Kompyuta iko tayari mezani, waya umekaa mkao wa kula.
Kaka amesema atapiga saa kumi na mbili, aniongoze.

Kwenye karatasi nimeandika nitakayoanza nayo.
Kumi na moja.
Nimefuta wa kwanza,
nimeweka "hii nzuri Aune",
ambao, kusema kweli,
sijawahi kuusikiliza hadi mwisho.