Vazi Kuukuu

Walitaka vazi kuukuu.
Si lile jipya alilolitandaza Plawej juu ya mwamba,
manyoya yake marefu yaking'aa kama mto asubuhi.
Hilo walilisukuma kando kwa ncha ya buti,
wakamnyooshea kidole begani:
hilo, hilo ulilovaa.

Misimu miwili ya theluji alikuwa amelala nalo.
Ngozi za biva watano, zilizoshonwa kwa kano.
Lilikuwa limenyonya jasho lake, mafuta ya sili,
moshi, maziwa aliyocheua mtoto.
Manyoya magumu yalikwisha pukutika,
ikabaki sufu laini ya ndani.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma.
Kuvuka maji yote yale
kuja kuomba tambara!
Shemeji yake, Apistanewj, akasema
labda kwao kuna baridi na hakuna wake.
Hatukujua habari ya kofia.
Hatukujua kwamba huko watokako
mtu hupimwa kwa kilichomkaa kichwani.

Wakampa chungu cha shaba.
Chekundu, chepesi, ukikigonga kinalia.
Sisi tulikuwa tukichemsha kwa mawe ya moto
ndani ya gogo lililochongwa, zito, lisilobebeka;
kila mwaka tulilirudia gogo.
Sasa chungu kilitufuata.
Plawej alikitia mgongoni, palipokuwa na vazi,
akapanda njia ya msituni
anatetemeka, anacheka.

Kikohozi kilikuja mwezi wa samaki wa barafu.
Mtoto kwanza.
Kisha Apistanewj, na mzaha wake.
Wapo waliosema kimetoka chunguni.
Mimi nasema mfuatano tu:
vazi, chungu, kikohozi.

Plawej alingoja mpaka ardhi ikalainika.
Tulikitoboa chungu kitakoni kwa jiwe,
maana kitu nacho hufa ili kimfuate mwenyewe,
tukakifudikiza juu ya kichwa chake.
Kililia mara moja, tulipokigonga.
Sijakisahau kilio kile.
Cha mtu ningekisahau.

Kiangazi wakarudi.
Mwenye ndevu za rangi ya kutu
alinitazama usoni kidogo, begani sana,
akanyoosha kidole.
Safari hii hakucheka mtu.
Upepo ulikuwa wa baridi, na nyuma yangu
gogo letu la zamani lilikuwa limeota uyoga.
Nililivua polepole.
Nikamwonyesha vidole viwili:
vyungu viwili.