Spika ya Jikoni

Spika nne zisizo na waya,
na baba anauliza: basi huo ulioushika ni nini?
Simjibu. Nimepiga magoti nyuma ya kabati la vyombo,
natafuta soketi, napapasa vumbi la miaka sita:
kifungo cha koti, sarafu ya zamani,
pini ya nywele. Pini naitia mfukoni.

Ghorofa ya nne, Toruń, mwezi wa Januari.
Chini, magari yamefunikwa theluji, yote yamekuwa gari moja.
Kipasha joto kinakoroma chini ya dirisha.

Ya kwanza nimeiweka juu ya rafu ya vitabu.
Ya pili dirishani, kando ya ua lililokataa kufa.
Ya tatu nyuma ya kiti chake, upande wa kulia,
maana sikio la kushoto alilisahau kiwandani,
katikati ya mashine za kusokota uzi,
na hakuna aliyemrudishia.
Ya nne ni kuukuu. Kitambaa chake kina doa la mafuta.
Hii ilikuwa ya mama,
ilikaa juu ya friji ikimsomea hali ya hewa
huku yeye akikanda unga na kuibishia.

Simu yangu inaziona zote, inaziita kwa majina:
Rafu. Dirisha. Kiti. Jikoni.
Naweka tiki, moja, mbili, tatu.
Ya nne inazunguka, inazunguka,
kama mtu anayetafuta miwani iliyo kichwani mwake.
Kisha maandishi: kundi limeundwa.

“Hii tuibadilishe jina, baba. Haiko jikoni tena.”
“Mtu akihama nyumba,” anasema, “habadilishi jina.”

Nabonyeza.
Fidla inaingia kwa pembe zote,
kuta zinarudi nyuma hatua moja,
na baba anageuza kichwa huku, anageuza kule.
Kwa mara ya kwanza tangu astaafu
hajui sauti inatokea wapi,
na anacheka kama aliyeibiwa kofia na mjukuu.

Lakini ile ya nne inachelewa.
Si sana. Kope inafunga na kufumbua, basi.
Inatosha kuipa kila noti mkia,
inatosha kila neno la mwimbaji lisemwe mara mbili,
la pili kwa haya.

Naizima. Naiwasha. Nasogeza ruta.
Nazichelewesha zile tatu ziisubiri:
milisekunde thelathini, tisini, mia na ishirini.
Nayo, ikiona inasubiriwa, inachelewa zaidi.
Bwana Zenobiusz wa ghorofa ya tatu
anagonga bomba kwa kijiko.

“Naitoa kwenye kundi,” nasema.
“Chumba chenyewe hiki, tatu zinakitosha.”
Kidole changu kiko juu ya tiki.

“Jagoda.”
Halitazami jicho langu. Analitazama lile doa.
“Kwenye kwaya ya kiwanda mama yako alikuwa nyuma ya wenzake, daima.
Mwalimu akampeleka mstari wa mwisho,
akamwambia afumbue kinywa tu, sauti aiache nyumbani.
Hakuiacha.
Aliingia pale wengine walipovuta pumzi.
Watu arobaini, Jagoda, wamevaa sare moja,
nami nimeketi mbali, karibu na mlango,
nikamsikia mmoja.”

Fidla inaendelea, na mkia wake.
Naondoa kidole.

Naenda jikoni kuchemsha chai.
Juu ya friji, kwenye vumbi, pana mraba safi
wenye ukubwa wa kiganja.
Naiweka pini hapo, kisha naichukua tena, sijui kwa nini.
Sebuleni baba anaimba kiitikio, na amekosea maneno,
na chini kabisa, kwenye bomba,
kijiko cha Bwana Zenobiusz kinagonga tena,
safari hii kwa kufuata mapigo.

Nacho kimechelewa.