Debe la Tatu

Mwalimu mkuu amenipa madebe mawili ya rangi nyeupe
na neno moja: Futa.
Hapa Turi, ukutani mwa bwalo,
juu ya vichwa vya wasichana wanaokula githeri bila kutazama juu,
umechorwa mti.
Mwaloni, nadhani. Si wa kwetu.
Kila tawi lina jina, kila jina lina ngao.

Napanda ngazi nusu, naanzia shinani.

Godwin, aliyemshikia mfalme farasi mvua ikinyesha,
akalipwa bonde zima pamoja na watu wake.
Mwanawe, Ralfu: kondoo.
Mwana wa Ralfu: kondoo zaidi.
Kisha Hyu, aliyekatwa kichwa kwa kuunga mkono mfalme asiye,
ngao yake imechorwa miguu juu.
Kisha Ambrosi, mwenye mashamba ya miwa visiwani
asiyewahi kuyakanyaga,
wala mijeledi yake kuisikia.
Brashi yangu haibagui. Inawalamba wote.

Kileleni amekaa yeye,
Lodi Peregrini Halstoke, wa kumi na moja.
Babu alimwita Bwana Saa Sita,
maana kengele ya chakula chake ndiyo iliyokuwa saa ya kambi.
Alizaliwa na kiti cha bunge kwao
kama mtu anavyozaliwa na baka:
hakukiomba, hakukipigiwa kura.
London ilipomchosha, au madeni,
alipanda meli akaja kununua ukungu,
ekari elfu nane za ukungu,
akaotesha pareto.
Huku akachaguliwa, kura mia moja na nne,
aende Nairobi kusema kwa niaba yetu
kwamba hatujawa tayari kusema.

Babu yangu alishika msumeno wa shimoni,
upande wa chini, unakomeza vumbi la mtarakwa.
Naye alikuwa na mti, ila aliutunza mdomoni:
Nabiswa wa Khisa wa Mang'oli wa Sifuma,
rika la Kikwameti,
hadi mtu wa kumi na mbili
aliyeshuka Elgon na mbuzi mmoja na kesi.
Karani wa kipande hakuwa na wino wa hayo yote.
Akaandika: Msumeno, namba mbili.
Namba moja alikuwa Mwogiek.
Msitu ule wote ulikuwa jina lake.

Chini ya jina la Lodi
mchoraji aliacha nafasi ya majani matatu.
Hayakuchipua.
Mpwa fulani, Kanada, aliuza shamba kwa barua.
Siku ya maziko kengele ilipigwa saa tisa,
watu wakashika masufuria, wakachanganyikiwa.
Babu hakucheka.
Alisema tu: kufa bila wa kukutaja
ni njaa isiyo na mavuno.

Rangi ya kwanza imekauka. Ya pili pia.
Ukungu umeingia dirishani bila kubisha,
na palepale kwenye unyevu
Hyu, na kichwa chake kilichokatwa,
anachungulia.
Msichana mmoja ameshusha kijiko:
"Fundi, huyo ni nani?"
Namwambia ale, chakula kinapoa.

Naandika risiti. Rangi nyeupe, debe la tatu.
Kwenye mstari wa jina la fundi
naanza na langu, nafuata la baba, nafika kwa Nabiswa,
kwa Khisa, kwa Mang'oli,
karatasi inaisha,
naigeuza nyuma.