Umepungua Mizani Moja

Kichupa kimesimama mlangoni mwa friji
kati ya siagi na chanjo ya kondoo,
kimo chake kidole gumba cha mtoto,
ndani yake unga mweupe, haba,
hata chumvi ya yai moja haufiki.
Lebo inasema: Kwa utafiti. Si kwa binadamu.

Tamahou ameisoma. Amevaa miwani, akairudia.
Nje, kingo za mto Mataura zimeng'aa kwa barafu;
ni Julai, na huku Julai ndiyo kipupwe.

Miaka ishirini na saba amenyoa kondoo,
mia tatu kwa siku msimu ukichachamaa,
akiwakunja magotini kama mtu anayekunja shuka,
mkono wa kulia ukisafiri
tumboni hadi shingoni, tumboni hadi shingoni,
mpaka siku ile banda zima liliposikia bega
likilia ta! kama kijiti cha kuni.

Akameza vidonge vya maumivu. Asubuhi viwili,
saa sita viwili, usiku havihesabiki.
Bega likanyamaza; tumbo likaanza kusema.
Lilisema kwa moto, lilisema kwa choo cheusi,
likamwamsha saa tisa, akakaa ukingoni mwa kitanda
akinywa maziwa kama ndama aliyefiwa.

"Nani kakuambia habari za dawa hii?" Ngaire, mkewe,
mikono kiunoni.
"Kijana wa raga, yule wa Gore. Goti lake."
"Na yeye kaambiwa na nani?"
"Panya," akasema. "Panya walikatwa kano, wakapona.
Walitobolewa matumbo, wakapona."
"Wewe ni panya?"
Akafikiri. "Panya wa miaka hamsini na mmoja.
Mwenye mkopo wa nyumba."

Sisi tuhesabuo silabi twaweza kuuona:
peptidi ni mshororo uliotungwa kwa nyama.
Huu una shanga kumi na tano katika uzi mmoja,
umepungua mizani moja tu kwa ule wetu,
na mwili, msomaji mzee asiye na subira,
unaupokea chini ya ngozi ya tumbo
na huenda ukaughani, huenda ukautema.
Bado hajatokea wa kutuhakikishia.

Sindano hakuwa mgeni nayo. Kondoo maelfu amewadunga
bila kuwaomba radhi. Ila ile ya kwanza,
shati kalibana kwa meno, nyama ya kitovuni kaifinya,
mkono ulitetemeka,
na Ngaire, aliyeapa hatashiriki,
akamshikia taa.

Akaandika nyuma ya daftari la banda,
penye hesabu za sufu:
Siku ya 1. Bega, mbili kwa kumi. Tumbo, baya.
Siku ya 9. Nimelala hadi saa kumi na moja.
Siku ya 23. Nimefikia kabati la juu.
Nimeshusha sukari.

Daftari halikuandika kwamba vidonge
vilimwagwa chooni siku ya pili;
kwamba Ngaire alichemsha mifupa ya shingo kila Jumapili,
na mgonjwa haulizwi uji;
kwamba tangu ana miaka kumi na minne
hii ndiyo mara yake ya kwanza
kukaa wiki sita bila kuinama.

Daktari wa Invercargill akamnyanyua mkono, akaushusha,
akaunyanyua tena. "Umefanya nini?"
Tamahou akatazama viatu vyake.
"Nimepumzika," akasema,
na ilikuwa kweli, na haikuwa yote,
na njia nzima ya kurudi hakuwasha redio.

Septemba. Wanakondoo wanaanguka majanini, wamelowa,
wanasimama kwa miguu isiyo yao.
Kichupa cha mwisho kimebaki na tone.
Hakitumiki, hakitupwi;
Ngaire hukisogeza kila achukuapo siagi.
Tamahou anaingia, anapangusa buti,
ananing'iniza kofia kwenye msumari wa juu
kwa mkono wa kulia, bila kufikiri.
Kisha anafikiri.