Mtoe Mbuzi

Kwenye kompyuta yangu hapa Oli wanaishi watatu,
wa nne yuko kwenye simu ya mke wangu,
na hawasalimiani.

Wa kwanza nilimnunua kwa pesa ya harusi mbili.
Wa pili nilipewa kwenye flashi na kijana wa Nasser Road.
Wa tatu alishuka na printa, sikumwita.
Huyo wa simu kazi yake ni moja:
kumfanya kila mtu aonekane ametoka kuoga.

Wote wana brashi. Wote wana mkasi.
Wote wana kile kidude cha kufuta madoa usoni,
kila mmoja kakipa jina lake, kakificha pembe yake.
Ukitaka kunyoosha picha, wanajitolea wote;
ukitaka kuandika jina chini ya picha, anaweza mmoja tu,
na huyo hazitambui picha za kamera yangu.
Majiko manne, na maharagwe bado mabichi.

Jumanne jioni akaingia Onzima,
vumbi la Vurra limempanda hadi magotini.
Akanipa simu. Mama yake, Candiru,
kwenye kiti cha plastiki, kitenge cha zambarau,
nyuma yake beseni na mbuzi.
"Tunazika kesho saa saba. Tunataka kubwa, ya fremu.
Mtoe mbuzi."

Nikamtoa mbuzi. Hilo wa pili analiweza.
Nikahifadhi, nikampelekea wa kwanza arekebishe mwanga,
akapokea kama mtu anayepokea ukuta uliokwisha kupakwa chokaa:
hakuna tabaka, hakuna mshono,
hakuna pa kushika ukitaka kurudi.
Na rangi ilikuwa imechoka njiani,
zambarau imefika kahawia,
kama abiria aliyepanda nyuma ya lori la mawe.

Nikarudi kwa wa pili kuuliza kulikoni.
Akanifungulia nakala yake mwenyewe, ya zamani:
mbuzi yumo,
anatafuna.

Saa mbili umeme ukakatika.
Nikavuta waya kwa Rehani kinyozi, mwenye jenereta,
nikaanza tena.
candiru. candiru2. candiru_mwisho.
candiru_mwisho_kabisa.
candiru_hii_ndiyo.
Simu ya mke wangu ikapewa zamu yake, nikiwa nimeshachoka,
ikamwosha mama wa watu bila kuulizwa.

Saa tano usiku printa ikatema karatasi.
Onzima akaisogeza kwenye taa,
akaisogeza mbali, akaisogeza tena.
"Fundi," akasema, "huyu ni mdogo wake mama,
yule ambaye hakuzaliwa."

Kovu la kidevuni halikuwepo.

"Aliangukia jiwe la kusagia," akasema,
"siku nilipoanza kutembea. Nilikuwa naelekea motoni.
Alinikimbilia."

Nikawahoji wote wanne. Nani kalifuta?
Kumbukumbu ya kila mmoja inaanzia mlangoni pake;
kilichotokea kwa jirani hakimhusu.
Wa kwanza alisema alilikuta halipo.
Wa pili alisema aliliacha lipo.
Wa tatu aliniomba nibadilishe wino.

Basi nikaifungua ile ya kwanza kabisa, ya simu,
ambayo haijaguswa na mtu,
nikaichapa kama ilivyokuja:
kiti, beseni, kovu, mbuzi.
Nikaanza kuomba radhi kwa ajili ya mbuzi.
Onzima akacheka, kicheko kifupi, kikamshtua mwenyewe.
"Mwache," akasema.
"Huyo ndiye tunayemchinja kesho."

Leo Ijumaa. Diski imejaa.
Candiru yumo humu mara kumi na moja,
na katika kila faili kapungukiwa na kitu:
hapa kovu, hapa rangi, hapa kivuli cha mkono.
Sijafuta hata moja. Sijui kwa nini.

Asubuhi hii, kabla sijafagia,
wa tatu aliniuliza kwa adabu
kama ningependa, kuanzia sasa,
picha zote zifunguliwe na yeye.

Nilibofya: Baadaye.