Diski ya Nne Yasema Salama

Kila alfajiri, kabla ya mahamri,
nafungua chumba cha nyuma pale Makadara
nazijulia hali: diski sita ndani ya kasha,
eksirei za zahanati nzima.

Ya kwanza: salama. Joto thelathini na nane.
Ya pili, ya tatu: salama.
Ya nne nayo yasema salama,
ila sekta mbovu jana zilikuwa mbili,
leo kumi na moja,
na nikitega sikio naisikia ikigonga
kama ukucha juu ya sinia.

Chumvi ya hapa haipigi hodi.
Feni niliipangusa juzi; tayari yanata.

Ami Famau alikuwa hivyo hivyo.
"Waamkaje, ami?" "Salama."
Huku ameshika ukuta kupanda ngazi.
Tuliamini neno, hatukuuliza ukuta.

Hii siingoji ife.
Naichomoa ingali yajibu,
natia mpya. Zile tano zaanza kumfunza mgeni
aliyoyajua mwenzao:
mbavu za Bi Zuwena,
nyonga ya mtoto wa Rehani,
asilimia tatu, asilimia nne.

Zimebaki saa kumi na saba.
Ewe umeme, leo nisitiri.